Pipi za Idi: kuzipanga mezani au kuzichora daftarini?

Watoto wakirudi na pipi za Idi, rundo hilo tayari ni somo la takwimu. Waanze vipi?

Kuzipanga zenyewe: nyekundu safu yake, kijani safu yake, na iliyo ndefu inaonekana bila kuuliza mtu. Kwa wa chekechea na darasa la kwanza, hapa ndipo pa kuanzia. Tatizo ni ukubwa. Pipi 4 kubwa za maziwa zinaweza kutanda kuzipita 6 ndogo za ndimu, na mtoto akaapa kuwa za maziwa ndizo nyingi. Dawa yake ni karatasi ya miraba: kila mraba pipi moja, na safu zote zianzie mstari mmoja. (Kula kusubiri hesabu, hapo ndipo penye kazi.)

Kuchora: mtoto anachora vijiti vya kuhesabia, kimoja kwa kila pipi, cha tano kikikata vinne, kisha anachora grafu ya mihimili, yaani nguzo moja kwa kila rangi, ndefu kadiri ya idadi yake. Inachukua muda, lakini takwimu zinabaki hata pipi zikishaliwa, na zikiwa 40 anaweza kuamua mraba mmoja uwakilishe pipi 2. Wa darasa la tatu ningempeleka huku moja kwa moja. Mdogo wake aachiwe miraba.