App ya volkano za chini ya bahari: ramani safi, arifa bado sana

Nimeitumia hii app muda sasa na kwa kweli kwenye ramani wamejitahidi, ukigusa volkano moja inakufungukia kina cha kilele, upana wa kreta (mdomo wa volkano) na fukwe zipi ziko njiani mwa mawimbi ya tsunami. Mfano Kick 'em Jenny kule kaskazini mwa Grenada imechorewa duara la km 1.5 ambalo vyombo haviruhusiwi kuingia, maana gesi ikibubujika kwa wingi maji yanakosa nguvu ya kubeba na meli inaweza kuzama hivihivi bila hata mlipuko kuonekana juu. Wengi hawalijui hili.

Shida ni arifa, zinategemea tetemeko tu!! Jamani, Anak Krakatau, kisiwa cha volkano kule Indonesia, Desemba 2018 ubavu wake uliporomoka baharini usiku ukaleta tsunami, hakukuwa na tetemeko kubwa la kuamsha mitambo ya tahadhari, wakafa watu zaidi ya 400. Sasa app haisomi geji za maji (vipimo vya kupanda na kushuka kwa bahari) wala presha ya hewa, halafu inakuandikia "hatari ndogo" kwa rangi ya kijani, kijani ya nini?

Na inataka intaneti muda wote, wakati volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka Januari 15, 2022 kebo ya mawasiliano ya baharini ilikatika na nchi ya Tonga ikabaki kimya. Wangeweka basi ramani za kupakua.

Kwa mwanafunzi au mtu wa mipango ya pwani nyota 4. Kama tahadhari ya kukutoa ufukweni, nyota 1 na nimewaonea huruma.