Uzoefu wangu: Kinanda cha Welte kinachojipiga chenyewe, Seewen, Uswisi

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani, kwa hiyo chombo kisichohitaji mpigaji hakinipati kirahisi. Hiki kimenipata.

Ni kinanda cha mabomba, na kipo katika makumbusho ya vyombo vya muziki vinavyojiendesha, kijijini Seewen, jimbo la Solothurn. Kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, ilikiunda mnamo 1913 na 1914 kwa ajili ya meli ya Britannic, ndugu yake Titanic. Vita vikaanza, meli ikageuzwa hospitali, na Novemba 1916 ikazama karibu na kisiwa cha Kea, Ugiriki. Kinanda hakikuwamo. Kiliishia nyumbani kwa August Nagel, mtengenezaji wa kamera wa Stuttgart (majirani zake sijui walikuwa wanalala saa ngapi), kisha kwenye ukumbi wa kiwanda huko Wipperfürth, mpaka Heinrich Weiss, mwanzilishi wa makumbusho haya, akakinunua. Habari ya meli ilithibitika wakati wa ukarabati uliomalizika 2007: mafundi walikuta neno “Britanik” kwenye mbao za ndani.

Mabomba ni ya kweli na upepo ni wa kweli. Kinachochukua nafasi ya mikono ni roli ya karatasi iliyotobolewa. Inapita taratibu juu ya kipande cha chuma chenye safu ya vitundu. Tundu la karatasi likilingana na kitundu cha chuma, hewa inapenya, vali inafunguka, bomba linalia. Kilichonishangaza ni kwamba si matundu yote ni ya noti. Mengine yanabadilisha aina ya sauti, na mengine yanafungua na kufunga vibao vya chumba cha mabomba ili sauti ipande au ififie.

Tuliwekewa roli ya Max Reger, mtunzi Mjerumani, akipiga Benedictus aliyoitunga mwenyewe. Aliirekodi kwa Welte mwaka 1913, akafariki 1916. Jamani, huyu mtu hahesabu mapigo! Anaikawiza kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kabla ya kuiachia, anavuta pumzi katikati ya sentensi ya muziki, halafu anaharakisha kidogo kama aliyekumbuka kuna watu wanamsubiri. Mwalimu wangu wa kwaya angemkatiza kwenye mstari wa pili. Santuri za enzi hizo hazikuweza kuibeba sauti ya kinanda kikubwa, besi zilipotea kabisa. Hapa besi unazisikia kifuani.

Sikubali kila kitu, hata hivyo. Kasi ya muziki inategemea kasi ya mashine inayovuta karatasi. Ikizidi au ikipungua kidogo tu, Reger wako si Reger wangu. Kwa hiyo anayesema “hivi ndivyo alivyopiga hasa” namsikiliza kwa tahadhari. Mahali pa kupumua, uchaguzi wa sauti, namna ya kuunganisha noti: hayo nayaamini zaidi.

Vyombo unaoneshwa na mwongozaji, kwa hiyo uliza mapema saa na lugha ya ziara. Kaa mbali kidogo na kinanda, sauti ikutane kwanza ndipo ikufikie. Na ukiwa mpigaji, omba roli mbili za watu tofauti, mathalani Reger na Edwin Lemare, mpiga kinanda Mwingereza, uzisikilize mfululizo. Makumbusho yana roli za Welte zaidi ya elfu moja. Hutakosa cha kulinganisha.