Kwa Nini Shiv Aligeuka? Uchambuzi wa Miisho Inayotugombanisha

Karibuni sana, watazamaji wangu. Leo nachambua miisho ya Succession, Breaking Bad na Mad Men, na nitasema kila kitu mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo kama kuna mojawapo hujaimaliza na hutaki kujua inaishaje, simamisha video hapa hapa, nenda ukaitazame, ukirudi utanikuta.

Mmebaki? Haya, twende.

Naanza na Succession, maana hiyo ndiyo inayogombanisha watu kuliko zote. Ni tamthilia ya watoto wa tajiri wa vyombo vya habari, Connor, Kendall, Roman na dada yao Shiv, na ugomvi wa nani atarithi kiti cha baba. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 28 Mei 2023, na mpaka leo wakikutana wawili walioitazama, mmoja atamwita Shiv msaliti, mwingine atasema ndiye pekee aliyekuwa na akili timamu mle ndani. Tukumbushane kidogo. Bodi ya Waystar Royco, kampuni ya familia, inapiga kura: iuzwe kwa Matsson, tajiri wa teknolojia kutoka Sweden, au isiuzwe? Shiv na Roman wameshakubali, usiku mmoja kule Barbados, kumwachia Kendall kiti cha baba yao. Kura zinakwenda sita kwa sita. Imebaki ya Shiv. Na Shiv anainuka, anatoka nje.

Kwa nini? Kuna wanaosema ni wivu, hakuweza kumvumilia kaka yake kwenye kiti alichokitamani yeye maisha yake yote. Kuna wanaosema alipiga hesabu: Tom, mumewe, ndiye Matsson aliyemchagua kuwa mtendaji mkuu, na yeye ana mimba ya Tom, basi bora madaraka yabaki nyumbani. Na kuna wanaosema ni dhamiri tu, kwamba alijua Kendall hafai.

Mimi nina kipimo kimoja ninachokitumia kwenye tamthilia za namna hii, ambazo wahusika wake wanadanganya kila wakifungua mdomo. Sijali sana mhusika anasema anataka nini. Natafuta pale alipokuwa na njia nyingine wazi mbele yake, akaiacha. Hapo ndipo nia yake ilipo.

Tumpime Shiv. Hesabu? Tom ndiye aliyewauza yeye na kaka zake kwa baba yao mwishoni mwa msimu wa tatu. Kumpa Tom kile kiti ni kukubali kuwa mke wa bosi kwenye kampuni aliyozaliwa nayo. Angekuwa anapiga hesabu, hiyo ni hesabu mbovu mno. Wivu? Upo, na haujifichi. Lakini wivu ulikuwepo pia usiku ule kule Barbados, na bado alikubali. Kwa hiyo lazima kuna kitu kilitokea katikati.

Kilichotokea ni kwamba amemwona Kendall ndani ya ile ofisi ya baba yao, jinsi alivyojaa pale, na akaanza kusitasita. Kisha wanaingia kwenye chumba cha vioo na Shiv anamkumbusha kijana mhudumu aliyekufa. Na Kendall anajibu nini? Anakana! Anasema halikutokea.

Jamani, turudi mwisho wa msimu wa tatu, Italia. Kendall yuko chini kwenye vumbi, analia, anawaeleza ndugu zake kwamba usiku wa harusi ya Shiv aliendesha gari na yule kijana, likaingia majini, kijana akafa. Shiv na Roman wanamwekea mikono, wanambembeleza. Katika tamthilia nzima sikumbuki saa nyingine hawa watatu wamekuwa ndugu kuliko pale. Ndilo jambo pekee la kweli walilowahi kupeana. Sasa kura imebaki moja, na Kendall analifuta hilo kwa sentensi moja. Hata Roman, ambaye alikwisha kupiga kura upande wake, uso unambadilika.

Mtu anayeweza kufuta kifo cha mtu ili apate kura moja ndiye yule yule baba waliyetoka kumzika. Shiv alitoka ukumbini akisitasita. Maneno ya Kendall ndiyo yaliyomaliza kusitasita kwake. Na msisahau kilio cha Kendall, kwamba yeye ndiye mtoto mkubwa wa kiume. Siyo kweli! Mkubwa ni Connor. Mpaka hoja yake ya mwisho kabisa inamfuta ndugu mwingine.

Ile picha ya Shiv na Tom kwenye gari, Tom ameufungua mkono, Shiv anauweka wake juu bila kushika, wengine wanasema ndiyo ushahidi kwamba alipanga. Mimi naona gharama anayolipa.

Twende kwa Walter White wa Breaking Bad, mwalimu wa kemia anayegundua ana saratani. Tamthilia ina misimu mitano, sehemu 62, na karibu zote Walter anasema anapika dawa za kulevya kwa ajili ya familia. Sehemu ya mwisho, Septemba 2013, anamwambia mkewe Skyler ukweli: alifanya kwa ajili yake mwenyewe, aliipenda ile kazi, na aliiweza. Watu wanabishana: alianza na nia njema akaharibika njiani, au alikuwa hivyo tangu mwanzo?

Kipimo ni kile kile, na jibu liko mapema sana, sehemu ya tano ya msimu wa kwanza. Elliott, mwenzake wa zamani waliyeanzisha naye kampuni, anampa kazi yenye bima ya afya. Gretchen, mke wa Elliott, anampigia simu, anajitolea kulipia matibabu yote. Mlango uko wazi, hakuna wa kumwua, hakuna sumu, hakuna polisi. Walter anakataa, na anakwenda kumtafuta Jesse, mwanafunzi wake wa zamani anayepika naye, waendelee. Halafu anamdanganya mkewe kwamba wale ndio wanaolipa. Mnakumbuka baadaye anavyomweleza Jesse kwamba aliuza fungu lake katika kampuni ile kwa dola 5,000, na sasa ina thamani ya mabilioni, na kila wiki anaangalia imefikia wapi? Kila wiki! Hilo ndilo donda. Familia alikuwa anaipenda, silikatai, lakini haikuwa sababu. Na waandishi wakafanya jambo ninalolipenda sana: mwishoni, ili watoto wake wapate zile dola zaidi ya milioni 9, anawalazimisha Gretchen na Elliott hao hao kuzifikisha.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Skyler alichukiwa na watazamaji kiasi kwamba Anna Gunn, mwigizaji wake, aliandika kuhusu chuki ile katika New York Times mwaka 2013. Shiv naye amepata sehemu yake. Ukimfuata mwanamume kwa kamera misimu mitano unazijua sababu zake zote, na anayemzuia anaonekana kikwazo. Lakini Skyler alikuwa anamzuia mtu aliyemwachia Jane, mpenzi wa Jesse, akabwe na matapishi akiwa amesimama pale anatazama. Tunapobishana kuhusu nia tujiulize pia kamera imetuketisha upande wa nani.

Mad Men nitapita haraka, ingawa mwisho wake ndio ninaouona bora kuliko yote matatu. Don Draper, mtunzi wa matangazo ya biashara, yuko kwenye kituo cha mapumziko ya kutafakari, amekaa kwenye nyasi amefumba macho, anatabasamu, na picha inaruka kwenye tangazo la Coca-Cola la 1971. Amepata amani, au amepata wazo la biashara? Rudini msimu wa kwanza, Don akiwauzia Kodak wazo la tangazo la mashine yao ya kuonyeshea picha kwa kuwaonyesha picha za mkewe na watoto wake, huku ndoa inamponyoka. Yule hajawahi kuhisi kitu asikiuze. Kwa hiyo ni vyote viwili kwa pamoja. Na yule dada wa mapokezi ya kile kituo mwenye nywele za kusuka na riboni, mlinganishe na msichana wa kwenye tangazo. Hawakumvalisha hivyo kwa bahati.

Mtaniuliza kuhusu The Sopranos na ile skrini nyeusi ya Juni 2007. Pale ubishi ni kama Tony, bosi wa mafia, amekufa au hajafa, na hilo ni swali la tukio. Nia ya Tony tulishaijua zamani.

Basi, je, zinastahili muda wako? Zote tatu, ndiyo. Ukikosa muda, anza na Succession, ni sehemu 39 tu. Na kama umeshaitazama na bado unamwita Shiv msaliti, naomba urudie tatu kwa mfululizo: mwisho wa msimu wa kwanza, mwisho wa msimu wa tatu, mwisho wa msimu wa nne. Mfuate yule mhudumu, uone nani anamkumbuka na nani anamsahau.