Ushauri nasaha kwa wazazi wapya: nilichokipata katika vikao vinane

Arobaini yangu ilipokwisha, mama aliporejea Tanga na wageni wa kuja kumwona mtoto walipokatika, nilibaki nyumbani kwetu Dar es Salaam na hali ambayo kwa wiki tatu niliiita uchovu, ingawa sikuwa nalala hata mtoto alipolala. Shangazi, aliyenisikia nikilia kwenye simu, alisisitiza nitafute mshauri, ndipo nikajiunga na huduma moja ya binafsi inayowapokea wazazi wapya.

Mwanasaikolojia alianza na dodoso la Edinburgh, la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) baada ya kujifungua, lililochapishwa mwaka 1987, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu likiwa na alama kuanzia 0 hadi 3. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Alilisoma taratibu, akaweka kalamu mezani, akanyamaza kunisubiri huku mtoto akiendelea kunyonya. Katika miezi yote ya kliniki, ambako tulipima uzito wa mtoto na kuandika kwenye kadi, hakuna aliyeniuliza jambo hilo. Nilipata alama 17 kati ya 30, na kadiri alama zinavyozidi ndivyo dalili zinavyokuwa nzito. Alinieleza kwamba majonzi ya siku za mwanzo kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili, ilhali sonona huendelea na huhitaji matibabu, na kwamba kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani takribani asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, idadi ikiwa kubwa zaidi katika nchi zinazoendelea. Kujua hivyo kulinipunguzia aibu niliyokuwa nayo.

Kila kikao tulichukua wazo moja na kulichambua. Langu kubwa lilikuwa kwamba mtoto hanitaki, kwa sababu alikuwa akinyamaza mikononi mwa bibi yake na kulia mikononi mwangu. Tuliandika kwa siku tano saa alizolia, na ikaonekana kwamba karibu kila mara analetwa kwangu akiwa tayari ana njaa. Jambo hilo dogo lilinifungua kifua.

Sehemu ya ukocha wa malezi, inayolipiwa pamoja na ushauri, haikuniridhisha. Kocha alinipa ratiba ya kumlaza mtoto katika chumba chake mwenyewe, wakati sisi tuna vyumba viwili na mama mkwe yumo. Kubwa zaidi, nilipomwambia kwamba nimewahi kutamani kuondoka na kumwacha mtoto, alinishauri nivute pumzi na kufikiria mema. Mtu asiye na mafunzo ya tiba alipaswa kunirudisha kwa mwanasaikolojia siku ileile, na hili ninalisema kwa uzito wote kwa kuwa mzazi mwingine angeweza kunyamaza moja kwa moja.

Mume wangu alialikwa katika kikao cha saba tu. Alipoulizwa anavyoendelea, alisema anaogopa kumshika mtoto, jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Laiti angeitwa mapema, tungegawana usiku tangu mwanzo.

Dodoso liliporudiwa katika kikao cha nane nilipata alama 6. Bima yangu haikulipia chochote, kwa hiyo anayetaka kujiunga aulize kabla ya kulipa kama anaweza kuchukua ushauri bila ukocha. Inawezekana, na bei hupungua, ila mimi niliambiwa nikiwa nimekwisha kulipia vyote.