Miaka Miwili ya Uzamili wa Sera za Umma: Tathmini ya Mhitimu

Nimehitimu shahada ya uzamili ya sera za umma, programu ya miaka miwili katika chuo ambacho sitakitaja, na ninaandika kwa ajili ya yeyote anayepima kama ajiunge na masomo ya aina hiyo. Kipimo changu ni kimoja: je, mhitimu anatoka akiweza kuukagua ushahidi wa kiuchumi na kumfikishia kiongozi mwenye dakika chache za kusoma? Kwa kipimo hicho, somo moja lilistahili miaka yote miwili.

Somo hilo ni warsha ya uchambuzi wa takwimu ya muhula wa pili. Tulikabidhiwa data za utafiti wa wachumi David Card na Alan Krueger, uliochapishwa mwaka 1994, kuhusu kima cha chini cha mshahara katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambacho kilipanda kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa mwezi Aprili 1992. Watafiti hao walikusanya taarifa za migahawa 410 ya vyakula vya haraka, kabla na baada ya ongezeko, katika jimbo hilo na mashariki mwa jimbo jirani la Pennsylvania, ambako kima hicho hakikubadilika. Tulikokotoa wenyewe, na hesabu zikatoka kama zao: wastani wa wafanyakazi kwa kila mgahawa, wawili wanaofanya kazi kwa saa chache wakihesabiwa kama mmoja wa saa kamili, ulipanda New Jersey kutoka 20.44 hadi 21.03, na ukashuka Pennsylvania kutoka 23.33 hadi 21.17. Ajira hazikupungua pale ambapo nadharia tuliyofundishwa muhula wa kwanza ilitabiri zipungue.

Mhadhiri hakuturuhusu kuridhika. Alitutaka tuzitazame tena namba zile, tukagundua kwamba sehemu kubwa ya pengo la mabadiliko kati ya majimbo hayo mawili inatokana na kushuka kwa Pennsylvania, kwa hiyo hitimisho zima linasimama juu ya imani kwamba New Jersey nayo ingeshuka vivyo hivyo kama mshahara usingepandishwa. Wiki iliyofuata tulisoma pingamizi la David Neumark na William Wascher, waliotumia kumbukumbu za malipo ya wafanyakazi wakapata kwamba ajira zilipungua, kisha majibu ya Card na Krueger ya mwaka 2000, yaliyotumia takwimu za serikali na kuonyesha kuwa athari, kama ipo, ni ndogo. Sijapata kufundishwa kwa uaminifu kiasi hicho. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la kwanza la mchambuzi ni namba zimekusanywaje, na kundi la kulinganishia limechaguliwa kwa sababu gani.

Mabishano hayo yote tulitakiwa kuyaweka katika dokezo la kurasa mbili kwa waziri. Rasimu yangu ilirudishwa kwa sababu pendekezo lilikuwa limejificha ukurasa wa pili, na nilistahili.

Kasoro zipo, na mojawapo ni nzito. Somo la uchumi liligawanywa kati ya waliowahi kusoma kalkulasi na wasiowahi. Sisi wa kundi la pili tulichorewa mistari ya mahitaji na ugavi kwa muhula mzima, kisha tukaingizwa katika warsha ileile pamoja na wenzetu, tukiwa hatujui hata kusoma jedwali la matokeo. Miezi miwili ya hesabu kabla ya masomo kuanza ingetuokoa. Aidha, madokezo ya muhula wa mwisho yalisahihishwa baada ya sisi kumaliza, wakati maoni hayawezi tena kumrekebisha mwandishi. Somo la nadharia za utawala lilikuwa la kawaida, sina la kuongeza.

Hata hivyo ninaipendekeza, hasa kwa mtumishi wa umma ambaye amekuwa akipokea ripoti za washauri bila kuwa na namna ya kuzihoji. Kabla ya kulipa ada, usitosheke na orodha ya masomo. Uliza kama wanafunzi wanashika data ghafi wenyewe, na uombe kuonyeshwa dokezo moja lililosahihishwa, uone mhadhiri ameandika nini pembeni na tarehe aliyolirudisha.