Mwandiga hadi Kalinzi kwa baiskeli ya resi: uzoefu wangu baada ya kupanda mara sita

Nimeipanda barabara ya Manyovu mara sita sasa na nimeona niandike, maana kila nikipita mjini na baiskeli kuna mtu ananisimamisha kuniuliza dada hapa Kigoma unaendeshea wapi hiyo resi yako bila kukimbizwa na malori. Jibu langu ni lile lile, toka mjini mapema, fika Mwandiga, shika ya Manyovu. Ni lami, kilomita 60 kutoka Mwandiga mpaka Manyovu kule mpakani na Burundi, na magari yakishapungua unabaki wewe na sauti ya cheni yako na majogoo ya watu.

Ila nisikudanganye, ni milima. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na Kalinzi, kijiji cha huko juu ninakogeuzia, simu yangu ilisoma zaidi ya 1,500, na usidhani unapanda mara moja ukamaliza, unapanda, unashuka kidogo, unavuka daraja, halafu kile ulichoshuka unadaiwa ukipande tena na nyongeza juu. Mara ya kwanza sikufika. Nilisukuma baiskeli kwa mguu sehemu tatu, magoti yanauma, nikakaa chini ya mwembe nikageuza.

Tatizo halikuwa miguu yangu, lilikuwa gia, na hapa ndo nataka watu wasome vizuri. Baiskeli yangu ni mtumba, nilinunua laki tatu na nusu, fremu nyepesi, tairi nyembamba, usukani ule wa kupinda chini, nzuri kweli. Mbele ina sahani mbili, za meno 52 na 42, nyuma sahani kubwa kabisa ilikuwa ya meno 24. Sasa piga hesabu, hata ukiweka nyepesi kuliko zote, 42 kwa 24, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka karibu mara moja na robo tatu, na gurudumu la resi mzunguko mmoja ni kama mita 2.1, yaani kila mzunguko mmoja wa pedali unabeba mwili wako na baiskeli mita 3.7 za barabara. Kwenye tambarare ya Ujiji hiyo ni raha. Kwenye ule mlima ni kama unapanda ngazi unaruka tatu tatu.

Fundi wangu ni kijana mtulivu hana maneno mengi, aliiangalia akasema "dada hii wameitengenezea barabara ya uwanja wa ndege". Akatafuta krenki, yaani ile mikono ya pedali na sahani zake za mbele, ya sahani tatu kwenye baiskeli ya milimani iliyokufa, ile ndogo ina meno 28, nyuma akafunga friwili ambayo sahani yake kubwa ina meno 28, cheni ikaongezwa vipande. Sasa pedali mzunguko mmoja, gurudumu mzunguko mmoja, mita mbili na kitu basi. Nimelipa elfu arobaini na tano pamoja na ufundi na naweza kusema hakuna hela niliyowahi kuitumia kwenye hii baiskeli ikanirudishia kama hiyo. Watu wanahangaika kutafuta baiskeli nyepesi, hapana, tafuta gia nyepesi kwanza.

Njia yenyewe sasa. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi lakini beba taa, sisi huku saa zetu ni sawa na za Dar ila jua letu linachelewa karibu dakika 40, kwa hiyo saa kumi na mbili Kigoma bado giza. Faida yake ni jioni, mwanga unabaki mpaka karibu saa moja usiku, unarudi bila presha. Mpaka Mwandiga kuna bodaboda na michomoko, zile gari ndogo za abiria, ya kutosha, kaa pembeni. Ukishapita Bitale ndo kunaanza kutulia.

Mi huwa sisomi mita kwenye simu tena, nasoma shamba. Huku chini ni michikichi, kila upande michikichi, na harufu ya mawese yanayochemshwa inakufuata barabarani. Michikichi ikianza kuwa mmoja mmoja ujue umeshapanda, inabaki mihogo na maharage, halafu migomba inazidi kuwa minene, hewa inapoa, na siku moja baada ya mvua nilipita kahawa imechanua, maua meupe matawi mazima kama mtu kamwaga unga, na harufu yake inakaribia ile ya yasmini, nikasimama tu pale nimeshika breki sitaki kuondoka. Hapo ndo Kalinzi imekaribia. Na kule kushoto nyuma ya vilima, kabla ya ziwa, ndo Gombe ya sokwe, kule alikofika Jane Goodall mwaka 1960, huioni kutoka barabarani lakini kujua kwamba ipo nyuma ya hicho kilima kunanifurahisha kila nikipita.

Safari ya tatu nilikutana na kaka anasukuma baiskeli yake ina madumu manne ya mawese, mawili kila upande, amefunga fimbo kwenye usukani ili aongoze akiwa amesimama pembeni. Nikamsalimia "mwakeye", akafurahi, akaitikia, akaniangalia navyohema akasema dada usiangalie kona ya juu, angalia hapa mbele ya tairi lako tu, kona itakuja yenyewe. Tulienda sambamba kama nusu saa, yeye kwa mguu mimi kwa pedali, na mwendo wetu ulikuwa mmoja. Ile fimbo yake sehemu ya kushikia imekuwa laini inang'aa kama imepakwa vanishi, ni mkono wake tu wa miaka yote hiyo. Hao ndo wenye hii njia, ukiwakuta mlimani wapishe, wakija wanashuka na ndizi wapishe zaidi maana mzigo ule hausimami haraka.

Kushuka. Kushuka ni kutamu na ndiko nilikoumia. Kuna duka mjini, silitaji, waliniuzia raba za breki wakasema ni orijino, safari ya nne natoka Kalinzi nimebana breki mfululizo kwa sababu naogopa spidi, raba zikaanza kutoa harufu, halafu paa, tyubu ya mbele ikapasuka. Mungu alisaidia nilikuwa sehemu ya kunyooka, nikaangukia majani, kiwiko kikachubuka. Nilivyogusa rimu niliungua vidole. Fundi ndo akanielewesha, breki zetu zinabana rimu, ukibana muda mrefu moto wote unaenda kwenye rimu na tyubu iko hapo hapo ndani, inapata joto mpaka inashindwa. Kwa hiyo sasa nabana kwa nguvu kidogo, naachia, nabana ya nyuma, naachia, na kabla ya kona namaliza kupunguza mwendo nikiwa bado nimenyooka. Sehemu ndefu nakaa wima kifua wazi, upepo wenyewe ni breki. Raba nilibadilisha kabisa, na nazikagua kila nikitoka.

Barabara naipa nyota nne. Ile moja nimeitoa kwa sababu kuna kona mchanga unaletwa na mvua katikati ya lami na huuoni mpaka umefika, na pembeni hakuna nafasi ya kutosha hiace ikija kwa fujo. Lami yenyewe ni nzuri.

Kwa anayeanza, nenda Ujiji kwanza, ni karibu, hakuna milima ya kutisha, upite chini ya ile miembe, uone pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, urudi. Ya Kasulu kupitia Kidahwe ni lami pia ila mabasi na malori ni mengi, mi sikuipenda peke yangu.

Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, bomba, maji lita mbili. Kalinzi utapata chai, maandazi na ndizi mbivu, wale kina mama pale wameshanizoea, nikifika wananiwekea benchi kivulini kabla sijasema kitu. Msimu mzuri kwangu ni mwisho wa mvua, hewa ikiwa imeoshwa unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ukirudi mjini, kiangazi moshi na vumbi vinaificha yote.

Manyovu kwenyewe bado sijafika. Mvua zikikata mwezi wa sita naenda mpaka mwisho, nalala kule, nimeshaulizia chumba na wamesema baiskeli wataniruhusu niingie nayo ndani.