Kadi ya Grafiki: Hesabu Njia Kwanza, Shilingi Baadaye

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mimi ambaye wapwa zangu hunipigia simu kabla ya kununua hata kipanya. Nilitoka duka moja katikati ya jiji na kadi mpya ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, boksi bado limefungwa, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya mtumba kutoka Uingereza, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8. Gemu ikafunguka vizuri. Dakika kumi baadaye, nikikata kona, picha ikaganda. Ikatembea. Ikaganda tena.

Niliporudi dukani, kijana wa kaunta hakuinua hata macho. "Mathe, kadi iko fiti. Ni mashine yako imezeeka." Kisha akanionyesha kwa kidole maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuwa amedanganya kabisa. Mashine yangu imezeeka kweli. Ila kadi ile haikupaswa kuuzwa kwa mtu mwenye mashine kama hiyo, na hakuna aliyeniuliza.

Kadi huzungumza na kompyuta kupitia njia za kupitishia data ziitwazo PCIe. Ile sloti ndefu ya kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, kwa kawaida ina njia 16. Kadi nyingi za bei ya kati siku hizi zinatumia 8 tu, na boksi halisemi kitu. RTX 5060 na RTX 5060 Ti za Nvidia ziko hivyo zote mbili. Kwenye madabodi ya toleo jipya, PCIe 5.0, njia 8 hupitisha karibu gigabaiti 32 kwa sekunde na hutasikia lolote. Kwenye toleo la zamani kama langu, PCIe 3.0, ni karibu gigabaiti 8. Yaani umelipia kadi nzima ukapata robo ya barabara.

Robo hiyo haikusumbui mpaka kumbukumbu ya kadi ijae. Ikishajaa, mzigo uliozidi unapelekwa kwenye RAM ya kompyuta na kurudishwa kupitia njia hizohizo chache. Ni yale magari ya Nairobi yanayoteremka Thika Road kwa raha zao kisha yanabanwa Pangani saa moja asubuhi. Hapo ndipo picha yangu ilipokuwa ikiganda: Pangani.

Sasa jikague. Prosesa za Intel hadi kizazi cha 10 ni PCIe 3.0. Madabodi za B450, za prosesa za AMD, ni 3.0. Na wewe mwenye prosesa ya AMD ya Ryzen 5 5600G usicheke, hata ukiiweka kwenye madabodi mpya zaidi ya B550 bado ni 3.0. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inaonyesha kadi yako inatumia njia ngapi na za toleo gani. Nenda nayo kwenye flashi, mwambie muuzaji aichomeke kadi na kuiwasha mbele yako.

Fremu kwa sekunde, idadi ya feni na taa za rangi utazipata kwenye YouTube mpaka uchoke. Mimi napanga kwa njia na kumbukumbu.

Ya kwanza ni Radeon RX 9060 XT ya AMD, ya gigabaiti 16, na sifichi mapenzi yangu. Nimekuwa mtu wa Radeon tangu enzi za RX 480. Ina njia zote 16. Kwenye mashine zetu za PCIe 3.0 inapata barabara mara mbili ya ile ya RTX 5060, na kwa gigabaiti 16 za kumbukumbu, ni nadra mzigo kufurika. Inakula wati 160, kwa hiyo pawa saplai nzuri ya kawaida inaitosha, ila zile zinazokuja na kompyuta za ofisi mara nyingi hazina waya wa pini 8 wa kuilisha kadi umeme. Ilizinduliwa Juni 2025 kwa dola 349. Ukihesabu dola kwa shilingi 129, hiyo ni kama KSh 45,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 16 unafika KSh 52,000. Ukitajiwa bei iliyopita hapo, uliza hiyo nyingine ni ya nini. Lakini AMD nao wana dhambi yao: walitoa ya gigabaiti 8 yenye jina lilelile. Hiyo iache.

Ya pili ni RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16, iliyotoka kwa dola 429. Njia ni 8, lakini kumbukumbu inaokoa jahazi. Kama unafanya kazi kwa Blender, ile programu ya picha za 3D, hii itakufaa kuliko kipenzi changu, na kukubali hivyo kumenigharimu.

Intel Arc B580 ina gigabaiti 12 na ilianza kwa dola 249, lakini nayo ni ya njia 8, tena Intel wenyewe wanataka prosesa ya kizazi cha 10 kwenda juu. RX 580 za mitumba, kadi za zamani za AMD: ulizia kama ni ile iliyopunguzwa nguvu ya 2048SP, kisha uombe Mungu.

Za gigabaiti 8 sizipangi. GTX 1070 ilitangazwa 2016 ikiwa na gigabaiti 8 kwa dola 379. RTX 5060 Ti ndogo ikatoka 2025, gigabaiti 8, dola 379. Miaka tisa!

Mnaniuliza kama msubiri zile RTX 50 Super zinazovumishwa, eti Nvidia atarudi na kadi zake zikiwa na kumbukumbu kubwa zaidi. Uvumi wenyewe una mantiki. Chipu za GDDR7, aina ya kumbukumbu ya kadi hizo, zimekuwa za gigabaiti 2, na sasa ziko za 3. RTX 5070 ina chipu 6, hivyo gigabaiti 12 zinageuka 18 bila kubuni kadi upya. RTX 5080 ina chipu 8, hivyo gigabaiti 16 zinageuka 24. Lakini jiulize Nvidia ana haraka gani. Katika mwaka wake wa fedha ulioisha Januari 2025 aliingiza dola bilioni 130.5, na gemu zilileta 11.4 tu, vituo vya data vilileta 115.2. Chipu zilezile za gigabaiti 3 anaziweka kwenye RTX PRO 6000, kadi ya makampuni yenye gigabaiti 96. Mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu ikapaa kwa sababu ya AI, na Micron, mtengenezaji wa chipu za kumbukumbu, akatangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya kuuzia watu wa kawaida. Kwa maoni yangu, Super zikija zitaanzia juu, na sisi wa dola 349 tutaambiwa tungoje. Kama una pesa mkononi, nunua.

Ila wauzaji wetu, jamani. Tangazo linasema "RTX 5060 Ti, mpya", halisemi 8 wala 16. Ukiuliza bei unaambiwa uje inbox. Ukija inbox unaulizwa una bajeti gani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupewa taarifa anazohitaji kuhusu bidhaa, nami nilimsomea kijana wa kaunta kutoka kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akaniuliza kama nataka pia kebo ya HDMI.

Kadi yangu iko kwenye droo. Mwenye madabodi ya PCIe 5.0 aniandikie, namwachia KSh 30,000 na risiti juu.